Bastola ya Tatay Ambo na Kitengo Kisicho na Watu

Jumatatu, 4 Machi

Nanay Loling, mama mkwe wangu, ametamka mezani leo, mchuzi wa kansi, ule wa mifupa ya ng'ombe, ukiwa bado unafuka. Siku ya kuanua matanga ya marehemu mumewe, Tatay Ambo, klabu yake itafanya mashindano ya kulenga shabaha kwa heshima yake. Mtoto wake atakayepanda jukwaa la washindi ndiye atakayekabidhiwa bastola ya mzee.

Mtoto wake! Nimejihesabu na mimi. Nilimwoa binti yake, nikalibeba jeneza la mumewe kwa bega hili. Mwingine ni Islaw, kaka wa mke wangu. Polisi mstaafu. Shingo kama shina la mnazi. Akanipigapiga mgongoni: "Shemeji, wewe tuokee mikate tu. Risasi haziumuki." Ukumbi mzima ukacheka. Mke wangu Senda hakucheka. Alikuwa anampakulia mama yake mchuzi.

Wacheke. Kwangu ile bastola si chuma. Tatay Ambo siku za mwisho, pumzi zikimpaa, alinishika mkono akaniuliza kama joko langu jipya linawaka vizuri. Katika ukoo huu wote, yeye peke yake hakuwahi kunifanyia mzaha. Naitaka. Nitaipata.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimesoma kanuni zote kuanzia unga wa kwanza hadi mkate wa mwisho kutoka jokoni. Mashindano haya yana vitengo, na kila kitengo kina bastola zake. Kuna Huria, ambako unaruhusiwa karibu kila kitu: darubini ya nukta nyekundu, mtutu uliotobolewa usiruke. Huko ndiko anakotamba Islaw. Kuna Kiwandani, bastola iwe vile ilivyotoka kiwandani. Kuna Kale, zile za umbo la zamani kama ya mzee. Na kuna Silinda, bastola zenye tumbo linalozunguka.

Mjinga huchagua bastola anayoipenda. Mwerevu huchagua kitengo kisicho na watu. Mwaka jana Silinda ilikuwa na watu wawili, mmoja ana mtoto wa jicho! Yaani nikifika tu, niko jukwaani.

Nino, mfamasia, baba wa ubatizo wa mwanangu, yaani kumpare wangu, anayo ya silinda. Tumekwenda nayo uwanjani. Kufyatua, sawa. Kujaza upya ndiyo kazi. Risasi zilimwagika nyasini kama karanga, nikaziokota kwa magoti. Nino akaniambia kwa upole, "Kumpare, ungekuwa vitani, adui angekwishakula chakula cha mchana." Nikajaza tena. Wivu.

Jumapili, 10 Machi

Balaa. Bi Perla, katibu wa klabu, kanishika mlangoni mwa kanisa. Anasema Silinda ikikosa watu watano haitambuliwi. Hakuna kitengo, hakuna jukwaa.

Nimetafuta watu wawili wa kujazia jioni nzima. Muuza samaki anaogopa mlio. Jirani yangu atakuja iwapo nitamwokea keki tatu za harusi ya binti yake. Harusi yenyewe haina bwana bado. Mwishowe nikamwendea Padri Gaudioso, kwa kuwa aliwahi kuwa jeshini. Akauliza kama namwomba aje kumwombea marehemu au aje kunisaidia kuwadanganya walio hai. Nikasema yote mawili yanawezekana. Akanipa toba ya rozari nzima, hata kuungama sijaungama!

Nimerudi nyumbani mnyonge. Senda kaniuliza kwa nini nisishindane tu kama watu wengine. Nikamwambia haya mambo ni mazito, hayamhusu. Akaendelea kukunja nguo. Akalikunja shati langu mara mbili, kana kwamba ana hasira nalo.

Jumatano, 13 Machi

Mungu hafungi mlango bila kuacha dirisha. Kiwandani! Bastola yangu mwenyewe, niliyonunua kujilinda dukani, imo katika orodha ya zinazokubaliwa. Kasoro ni moja: kifyatulio chake ni kigumu. Kidole changu kimezoea unga, si chuma. Kila nikivuta, mtutu unainama, risasi inapiga udongo.

Nikaipeleka kwa Dodong, fundi wa klabu, akilainishe. Akagoma. "Nong Teryo, kaka yangu, nikiigusa si ya kiwandani tena. Watakupima." Nikamuuliza nani atajua. Akasema chuma kitajua. Washamba hawakosi methali. Nimevuka mto kwa fundi mwingine asiyeuliza maswali. Sasa ukikohoa tu, kifyatulio kinateleza kama siagi.

Senda kaniona natabasamu. Nikasema nawaza hamira. Yeye anatoka kwenda sala ya novena, mkoba mzito begani. Kila Jumatano, tangu baba yake afe, hajakosa. Mcha Mungu mwanamke huyu. Laiti ndugu yake angemuiga.

Jumamosi, 16 Machi

Leo ndiyo siku ya kuanua matanga.

Asubuhi tulipanga foleni ya ukaguzi. Mwamuzi kaelekeza bastola yangu juu, tupu, katundika uzito kwenye kifyatulio. Inatakiwa iubebe bila kulia. Hajaiinua hata upana wa kidole. Tak! Akatundika tena. Tak! Watu wakageuka. Nikasema huenda ni joto. Mwamuzi, mtu wa adabu, akanijulisha kuwa bastola hii haifai Kiwandani, lakini sifukuzwi. Nahamishiwa Huria.

Huria! Nyuma ya Islaw! Wote wana darubini za nukta nyekundu na mashati yenye majina. Mimi nina aproni iliyosahaulika kiunoni. Islaw kaniona, kacheka hadi kaegemea nguzo. "Karibu kwa wakubwa, Shemeji!"

Ilipofika zamu yangu kifyatulio kililia kabla sijataka. Nilipiga shabaha nyeupe, ile ya karatasi inayosimama kama raia asiye na hatia. Nikampiga tena, na tena, na tena. Nino anasema kama raia yule angekuwa na mke, mke huyo angekuwa mjane mara nne. Nimekuwa wa mwisho.

Islaw naye? Betri ya nukta ilimfia katikati. Akawa anatikisa bastola kama redio mbovu, mpaka mwamuzi akamkemea. Wa sita. Hapo nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha wakatangaza Kitengo cha Kale. Wa tatu: Rosenda Palmares.

Nikadhani ni jina linalofanana. Lakini aliyepanda ni mke wangu, kavaa nyeusi ya matanga, bastola ya baba yake kiunoni. Nanay Loling alikuwa amemwazima wiki zote zile. Novena haikuwahi kuwapo. Kila Jumatano alikuwa hapa uwanjani.

Nilipomfuata nilikuwa na maneno mengi. Akaniwahi. "Baba alinifundisha nikiwa msichana. Alipokufa nikaona nikija hapa, kabla sijafyatua, bado namsikia ananiambia nipumue. Ningekwambia, Teryo. Ungecheka."

Mimi! Nicheke? Nikakumbuka Jumapili, nilivyosema hayamhusu. Nanay Loling akamfungua binti yake vifungo vya vazi jeusi mbele yetu sote, ndani alikuwa amevaa njano: matanga yameisha. Islaw, jitu lile, akalia waziwazi. Nikamshika bega. Na mimi nililia, niandike ukweli.

Jumapili, 17 Machi

Nyumba imetulia. Biko ya jana, ile keki ya wali mtamu, imebaki sinia zima. Bastola ya mzee iko kabatini, imefungiwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kwa mwenyewe.

Senda amesema kuanzia wiki ijayo atanifundisha. Taratibu, tangu mwanzo, kwa bastola ya mzee, bila ujanja. Kupumua kwanza. Kasema hivyo akinimenyea embe, na sauti ilikuwa ya baba yake hasa. Nimekubali. Nimeguswa sana. Nimemwambia mimi ni mtu mpya.

Nilipokuwa namngoja alale nikazipitia kanuni tena, kwa mapenzi tu. Kumbe mbali na vitengo kuna makundi ya umri! Wazee wanahesabiwa kuanzia miaka hamsini. Klabuni kwetu wazee ni wachache, na mmoja anaumwa kiuno.

Nina arobaini na minane. Lakini padri aliyenibatiza alikuwa haoni vizuri. Kesho, mikate ikishatoka, napita parokiani kuuliza kwa upole kama hakukosea kuandika mwaka niliozaliwa.