Komredi wa Kidato cha Tatu

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimejiunga na chuo kikuu. Imechukua kama dakika mbili.

Kikundi cha waandishi hukutana Kawangware, kituo cha 46, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Mlangoni wamebandika karatasi: wanafunzi wa vyuo vikuu tu. Mimi niko kidato cha tatu. Lakini nilikuwa nimevaa shati la mjomba Mutie, lenye mifuko miwili. Kiongozi wao ni Nalianya, msichana wa mwaka wa nne. Aliniuliza niko mwaka gani. Nikasema wa pili. Wa kwanza ulionekana unyenyekevu uliopita kiasi.

Mwisho wa mwezi watachapisha kijitabu. Makala sita tu, kuhusu maisha ya chuo na kukua. Lazima jina langu liwe humo. Nzuki Makau, kwa wino wa mashine. Nina wiki moja ya kuandika. Na ya kukua.

Jumatano, 12 Februari

Kurasa nne tayari. Upweke, ndoto, kengele ya asubuhi. Sijawahi kukanyaga chuo kikuu, lakini shule ni shule.

Mama aliuliza naandika nini. Nikasema insha. Akasema insha haijawahi kumlisha mtu, nifungue hesabu. Nilifungua hesabu. Nikaiweka juu ya insha.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekabidhi makala. Nalianya aliipokea kwa mikono miwili. Dalili njema.

Oketch si dalili njema. Yuko mwaka wa kwanza, anaandika mashairi kuhusu mvua tu. Aliniuliza naishi hosteli gani. Nikasema ile ndefu. Ndefu ipi? Ndefu kuliko zote. Akaniangalia kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Kisha akasema, "Sawa, komredi." Hivyo ndivyo wanavyoitana chuoni. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilitembea mpaka nyumbani Kianda bila kuhisi miguu.

Jumapili, 16 Februari

Siku mbaya. Naandika nikiwa chini ya meza.

Kanisani kwetu, muhula wa chuo ukianza, Mchungaji Nicanor huwaita mbele wanafunzi wa vyuo vikuu waombewe. Akina mama wa ushirika huwapa zawadi za kuanzia maisha. Nilisahau kabisa kwamba ni leo. Nilisahau pia kwamba jirani yetu Filister ana mpwa. Mpwa huyo ni Oketch. Alikuwa ameketi nyuma yangu.

Kulia kwangu, Mama, anayejua niko kidato gani. Mgongoni, Oketch, anayedhani niko mwaka wa pili. Mchungaji akasema wa vyuo vikuu wasimame. Nikisimama, Mama. Nikikaa, Oketch. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Oketch akanigusa bega. "Komredi, tunaitwa."

Sikuinuka. Ndipo Mchungaji akaniona. Akasema, "Mnamwona yule kijana ameinama? Huo ndio unyenyekevu tunaotafuta kwa wasomi. Mleteni." Wazee wawili wakaja kunichukua.

Niliombewa kwa muda mrefu. Nilipewa blanketi na beseni. Mama Ndululu, mwenyekiti wa akina mama, alifuta machozi akisema alijua tangu zamani kichwa hiki si cha bure. Mama yangu alipiga makofi pamoja na wengine. Polepole.

Alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka mtaro. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuupenda, "Nzuki, ile sweta ya shule niliyofua jana ni ya nani?"

Jumatatu, 17 Februari

Nimekiri kwa Mama Ndululu, Mama akiwa amesimama nyuma yangu kama askari. Mama Ndululu alicheka mpaka akaketi. Akasema blanketi na beseni vitarudi, lakini maombi hayarudi. "Hayo umeshameza. Sasa utaingia chuo utake usitake."

Akaamua vitu apewe mwanafunzi wa kweli. Nilivipeleka mwenyewe kwa Filister. Oketch alifungua mlango. Sasa ana blanketi mbili. Nilimwomba asiwaambie kikundini. Akasema atafikiria.

Jumamosi, 22 Februari

Niliamua kumtangulia Oketch. Nilisimama nikasema ukweli wote kwa pumzi moja. Hakuna aliyeshtuka.

Nalianya alitoa makala yangu. Akasema huku akicheka kwamba walijua tangu ukurasa wa kwanza, pale nilipochelewa darasani na profesa akanipigisha magoti nje ya ofisi. Tena ukurasa wa tatu, nilipoomba ruhusa ya kwenda msalani. Oketch alikuwa hajasema kitu. Hakuhitaji.

Kisha Nalianya akaacha kucheka. Akasema hizo ndizo sehemu zilizo hai. Sehemu ya foleni ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana, aliisoma mara mbili. Upweke wa chuo umekufa wote, kwa sababu sikuuona. "Toa neno chuo, weka shule yako, andika uko kidato cha tatu. Ukileta Jumatatu, unaingia kijitabuni."

Nilisema nitatafakari.

Jumapili, 23 Februari

Nimetafakari. Nalianya ana moyo mzuri, lakini kuandika mambo uliyoyaona mwenyewe kila mtu anaweza. Ustadi uko wapi hapo? Kosa langu halikuwa kudanganya. Lilikuwa kuchagua kikundi cha vijana, ambao wana kumbukumbu kali za shule.

Baada ya ibada nilipita mtaa wa Laini Saba. Chama cha wastaafu wa reli kinakusanya kumbukumbu za wanachama. Kitabu kamili, chenye jalada gumu! Sharti ni moja tu: uwe umetimiza miaka sitini.

Nimeanza leo hii. Niliajiriwa mwaka wa 1974. Asubuhi ya kwanza treni ilikaa stesheni saa nne nzima, kwa sababu dereva alikuja bila tai, akarudishwa nyumbani akamlete mzazi.