Muhogo wa Kabla ya Wareno

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Balaa! Daktari Saliha, mkuu wetu wa uchimbuzi hapa Mji wa Kale, ameleta akili unde. Uchafu tunaokwangua ndani ya vyungu vya kale, mashine inautazama kupitia hadubini na kusema papo hapo: wanga huu ni wa mtama, huu wa mpunga. Mimi kazi hiyo hunila siku nzima, na bado nakosea. Ijumaa atabaki mmoja, mimi au mwenzangu Awino. Awino ameshaizoea mashine kama simu yake. Roho yaniuma.

Jumanne
Dawa nimepata. Chungu kilicho mezani ni cha kabla ya Wareno, na muhogo uliletwa na Wareno. Mashine ikitaja muhogo humo, itachekwa na kurudishwa ilikotoka! Awino hutafuna muhogo mbichi kila adhuhuri. Leo kanimegea kipande, kasema nimekonda. Nusu nimekula. Nusu nimeiparuza chunguni.

Jumatano
Mashine imesema muhogo. Nikacheka. Peke yangu. Daktari kasema mashine haikukosea, kuna mtu aliyekichafua chungu, na sasa hata vingine haviaminiki. Kazi ya mwaka imekwenda na maji. Akauliza nani hula muhogo humu. Awino kakiri, akaongeza kwamba jana alinigawia. Nikaulizwa. Nikasema muhogo hunisumbua tumbo.

Alhamisi
Awino kafukuzwa. Kwenye ngazi alinisimamisha.

"Mutunga, mimi nilidhani una njaa."

Nimeona haya, haya ya kweli, mpaka saa ya chai. Kisha nikahamia kiti chake, kilicho karibu na feni.

Ijumaa
Nimebaki mimi! Kwa asubuhi moja. Wafadhili wamesikia habari za chungu, wamejitoa. Chumba kimefungwa. Mashine imefunikwa vizuri, ikapakiwa kwenye gari la Daktari. Mimi nimerudi nyumbani Ganjoni kwa miguu, na hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimepata kibarua kwenye bandari ya samaki ya Liwatoni, kuchambua samaki wa bahari kwa aina zao. Afueni! Halafu msimamizi katutangazia kuwa mwezi ujao inaletwa mashine ya kutambua samaki. Wenzangu wamenuna. Mimi nimetulia tuli. Dancan, tunayefanya naye kazi meza moja, huletewa sato wa ziwani na nduguze wa Kisumu. Mtu mwema sana.

Nimemwambia nina njaa.