Levire Yangu Haina Hatia

Ngezi, Bunia, tarehe 19 Juni 2003

Kwa Daktari Mukubwa wa Hospitali,

Heshima yako mbele, Daktari. Mimi ni Tharcisse, muoka mikate wa Ngezi, yule uliyemuchafulia jina.

Mazutu ya jenereta ya hospitali ilipoisha na mashine yenu ya joto ikazimika, fundi wenu wa damu, Blanchard, aliniletea chupa yenye damu ya muke wangu Kanyere. Alisema ikae siku tano kwenye ukuta wa tanuru yangu, penye joto kama la mwili wa mutu, ili kilichomo kiote kionekane. Kikaota. Blanchard akaangalia kwa mikroskopi, akaona kuvu. Weye ukaandika kwamba hiyo ni levire yangu ya kuvimbisha mikate, imeingia kwenye chupa. Sindano za kuua kuvu ni chache, zisitolewe, tuanze na chupa ingine. Kanyere ana homa siku ya kumi na mbili. Kinga ya mwili wake imeisha, weye mwenyewe ulituambia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Levire yangu inakaa mu kopo, na kopo iko na kifuniko. Haitembei. Siku hizi hapa Bunia hata mutu mwenye akili hatembei ovyo, sembuse levire.

2. Wateja wanasema naoka na damu. Wenye bunduki wa pande zote mbili, ambao hawapatani hata juu ya mvua, walikuwa wanapanga mustari mumoja mbele ya tanuru yangu. Wamekimbia wote. Amani pekee iliyokuwa Ngezi umeivunja weye.

3. Kwamba mikate yangu ni bapa tangu mwezi uliopita, huo si ushahidi. Mukate unaogopa mabomu. Unga inashtuka, inashuka.

4. Kama ni levire yangu kweli, Kanyere angevimba. Umutazame. Amekonda mpaka pete inaanguka kwenye sahani.

5. Kwa hiyo naomba levire yangu ipewe cheti cha mwenendo mwema, chenye muhuri, nikibandike mulangoni. Nawe uiombe radhi Jumapili, misa ikiisha.

Unisalimie Blanchard, masista, wagonjwa wote wa salle anamolala Kanyere, na mulinzi wa geti ijapokuwa hanisalimiaga.

Ni mimi niliyeonewa,
Tharcisse

N.B. Daktari, levire sina. Iliisha barabara ilipofungwa, wiki ya tano sasa. Mu kopo naweka misumari. Mu nyumba yangu hakuna hata punje ya kuingia mu chupa. Kuvu ile ilitoka kwa Kanyere mwenyewe. Ukitaka, wasomee wateja wangu wote maneno haya. Cheti, acha. Mupe sindano leo.