Picha Ijae Kioo

Jumatano, 11 Juni 2014, Kibondo

Mwezi wa saba tangu nitoke Kondoa kuja kuchimba mitaro ya barabara. Mgongo umekufa. Leo dereva wa lori kaniletea CD ya harusi ya shemeji yangu. Mke wangu Safina kasema kwenye simu niitazame vizuri, kuna kitu. Kitu gani? Hasemi!

TV ya chogo na deki ni vya Niyibizi, fundi mwashi ninayeishi naye chumba kimoja. Picha ikaja na utepe mweusi juu na chini. Akakamata rimoti, akaikuza hadi ikajaa kioo. Eti kanunua inchi ishirini na moja, hatazami nusu. Safina akabaki kiwiko tu, pembeni.

Nikampigia. Nikasifu gauni lake. Akauliza, gauni tu?

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwomba Niyibizi arudishe picha pana. "We Mrangi, unataka tutazame giza?" Kanicheka hadi kakohoa.

Nikatumia akili. Nikamwambia picha ikikuzwa hivyo kioo kinachemka, mwisho kinapasuka. Akashtuka! Akazima TV, akaifunika blanketi. Blanketi langu. Na baridi hii.

Ijumaa, 13 Juni

Safina kauliza tena kama nimekiona. Nikasema ndiyo, gauni.

"Gauni lenyewe la kuazima, baba Hashimu." Akakata simu.

Nimechanganya zege siku nzima nawaza. Nimekosea wapi?

Jumamosi, 14 Juni

Niyibizi kaenda kwao Busunzu. Nikafunua TV, nikarudisha utepe mweusi.

Safina huyo, mzima, ukingoni kabisa. Miguuni kwake mtoto kashika gauni. Kaliachia. Kapiga hatua, ya pili, kakaa kitako. Hashimu! Nilimwacha anaegemezwa mto.

Nimerudia hadi deki ikapata moto. Kumbe picha ikijaa kioo, wa kwanza kupotea ni yeye.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia Safina. Ukweli ulifika mdomoni, nikaumeza. Nikasema mtoto nilimwona siku ile ile, nilikuwa namtania tu.

"Haya. Basi njoo umwone akikimbia."

Nimefikiri sana. Mitaro inaisha Agosti, ningeweza kupanda basi siku hiyo hiyo. Lakini mtoto kama yule humtazami kwenye chogo. Nitatafuta kibarua kingine hapa hapa hadi nipate TV pana, ile bapa. Nitarudi Desemba nayo begani, nimtazame Hashimu vizuri.