Fizikia ya Luqmani

Watu wa Kariakoo walipomchoka, Luqmani alivuka kuja Mafia kutafuta washamba. Begi lake lilikuwa na bisibisi na kadi tatu za picha za kompyuta, zilizochakaa. Mengine yote alikuwa anategemea mdomo, na mdomo, jamani, huyu bwana alijaliwa.

Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa hicho, hakukawia kuwapata. Alipita nyuma ya duka la Masooma, mjane wa Kihindi aliyefungua chumba cha gemu chenye kompyuta nne, akasikia vijana wanazomea. Kwenye skrini bomu lilikuwa limelipuka, ukuta unabomoka, na matofali yameganda hewani yanasubiri ruhusa ya kuanguka.

"Mama, leo tena tumeuawa tumesimama!" alifoka Kheri, nahodha wa timu. "Ijumaa tunacheza mtandaoni na Tanga. Ikiganda hivi, tunahama!"

Vijana hao wakihama, Masooma chumba anakifunga.

"Shikamoo, mama," Luqmani akajipenyeza. "Mimi fundi. Ugonjwa huo ni fizikia."

"Marahaba. Fizikia imefanyaje?"

"Ukuta ukibomoka, kila tofali lazima lipigiwe hesabu: lidondoke wapi, ligonge nini. Kazi yote kabebeshwa prosesa, masikini, huku kadi ya picha imekaa tu inapunga upepo. Mimi naihamishia kadi hizo hesabu, gemu itakimbia mpaka mshangae. Na sitaki hata senti, nataka dua tu."

Fundi wa kulipwa dua, wallahi, ni wa kufungiwa mlango. Masooma alimtazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu, fanya. Ngoja nikakuchemshie chai." Akawatoa na vijana nje.

Luqmani akafungua kompyuta ya kwanza, moyo ukamruka. Kadi kubwa, feni mbili! Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Kisha akaona waya wa skrini haukuchomekwa kwenye kadi. Umechomekwa pembeni, kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Akacheka mpaka akajiziba mdomo.

"Washamba hawa! Wamenunua pikipiki, wanaisukuma kwa mkono."

Basi kadi kubwa zikaingia begini, zile zake kuukuu zikaingia kwenye kompyuta. Akahamishia waya kwenye kadi, akabofya fizikia ifanywe na kadi. Ya nne aliiacha, kwa kuwa kadi zake zilikuwa tatu tu.

Vijana walipoitwa wakawasha gemu, ukuta ukabomoka, matofali yakamwagika chini bila kusita. Kheri akamkumbatia kwa furaha. Luqmani mwenyewe alitoa macho, maana uongo wake wote umegeuka kweli na hakuwa amelitarajia hilo, mjinga yule. Chai hakuimaliza, akawahi boti.

Dar, muuza vipuri alizichomeka kadi moja moja. Kimya. Akafungua feni, chini yake kutu ya kijani imetapakaa.

"Hizi maiti, bwana. Umefukua kaburi gani?"

Luqmani, kwa ile hasira ambayo mwizi tu ndiye huwa nayo, akapiga namba ya Masooma, aliyoihifadhi ili siku moja arudi kumtapeli tena.

"Mama! Kadi zako mbovu!"

"Zipi tena, mwanangu? Zangu ziko humu zinachapa kazi. Vijana wamewatandika Tanga jana."

"Hizi kubwa! Za feni mbili!"

"Aaa, hizo? Hizo zilikufa zamani kwa chumvi ya bahari. Huku kwetu kadi ikifa tunaiacha palepale izibe tundu, mijusi wasiingie, na waya tunaurudisha kwenye kompyuta. Kilindoni nzima inajua. Nikasema, fundi mkubwa vile, waya si ameuona mwenyewe?"

Luqmani akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani, haukuwa na kitu.

"Haloo? Upo?" Masooma akauliza kwa upole. "Kheri anakusalimia. Anauliza, ile ya nne utakuja lini?"