Kiuno Changu Kwenye Skrini ya Dirishani

Kwako Fundi Emile,
Mshonaji wa Nguo, Kabalagala.

Ndugu Fundi,

Kwa heshima na huzuni nakujulisha kwamba tangu Jumatatu kiuno changu si mali yangu tena. Ni habari ya mtaa.

Sikatai, ile skrini ya dirishani kwako niliisifu mwenyewe. Ilikuwa ikionyesha jina na nguo tu, mpaka Okeny mwingine, yule mwembamba wa Makindye, akaja akaondoka na suruali yangu. Nikalalamika. Binti yako Annick, aliyesomea kompyuta, akanieleza kwa upole kwamba sasa mstari mmoja ameufunga kwenye visanduku vinne: jina, nguo, kiuno na hali ya kazi. Akigusa kimoja, mstari unajibadilisha wenyewe. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Matokeo ni haya:

1. Jumatatu dirisha lilisomeka: OKENY – SURUALI – INCHI 44 – INAPANULIWA MARA YA TATU. Vijana wa bodaboda hapo mbele hawaniiti tena Afande. Wananiita Arobaini na Nne.

2. Jumanne Annick akagusa kisanduku cha mwisho: OKENY – SURUALI – INCHI 44 – IMESHINDIKANA. Mpita njia atajuaje kama kilichoshindikana ni suruali?

3. Mke wangu Adyero hupita hapo akienda sokoni. Mimi kwa miezi miwili nimemwambia kwamba kila asubuhi nakimbia kutoka Kisugu mpaka Kabalagala na kurudi. Kufika, nafika. Ila kwa mwenye chapati za mayai huwa napumzika kidogo. Tangu asome dirisha lako, mchuzi wangu wa ufuta umekuwa maji, na jana aliniuliza kama huwa nakimbia kinyumenyume.

Fundi, hapa nyumba yangu ndiyo inayopasuka, si suruali. Kompyuta inayofunga mambo manne kwenye mstari mmoja haiwezi kushindwa na la tano. Naomba kiongezwe kisanduku: ALIPIGA TARUMBETA BENDI YA POLISI MIAKA ISHIRINI. Pumzi inahitaji mahali pa kukaa, na wananchi waelewe kwamba kiuno hiki ni kazi ya umma. Kisipotosha hicho, kiuno changu kifunge pamoja na cha jirani yangu Odyek, mwembamba kama mpini wa ufagio, kisha mashine igawe kwa mbili. Odyek hajapinga. Sijamuuliza.

Na hayo yote yakishindikana, futa kiuno kabisa. Jina linatosha. Mtu mzima hujulikana kwa jina lake.

Nisalimie Mama Annick, Annick mwenyewe, cherehani zote mbili, na vijana wa bodaboda, isipokuwa yule wa helmeti nyekundu.

Wako, kwa sasa nikiwa nimefunga kamba badala ya kifungo,
Okeny wa Kisugu,
Koplo mstaafu.

N.B. Barua hii ikiwa bado mfukoni, nimepita kwako nikamweleza Annick kwa mdomo, naye akakifuta kiuno palepale. Baada ya chapati moja nikasoma: OKENY – SURUALI – TAYARI. Nikaichukua, nikaondoka kifua mbele, nikaivaa mbele ya Adyero.

Imekwama magotini.