Nywele Zimeisha, Viza Inafuata

Jumanne, 4 Machi

Nimekataliwa. Kisa: sina nywele.

Dada wa dirisha la pili, pale uhamiaji, aliishika pasipoti yangu, akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Akasema huyu wa humu ana kichaka kichwani, wewe unang'aa kama sufuria, sasa huyu ni nani? Nilitakiwa kujibu "mimi." Neno moja! Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu chekechea, na zote mbili zikanikimbia kwa pamoja. Nikasema samahani. Foleni nzima ikaguna. Akaniambia nikapige picha mpya, kisha nije na mwenyeji. Mtu mzima anayeishi hapa, hasa ndugu, aje kwa miguu yake mwenyewe. Viza inakwisha Jumatatu. Baada ya hapo ni begi mgongoni na basi la kurudi kwetu.

Ndugu ninaye. Ndiyo shida yenyewe.

Acha niandike, humu hasomi mtu. Baba yangu ni kinyozi, mtaa wa nyuma ya stendi. Hajui kwamba mimi ni mwanawe. Aliondoka nikiwa bado tumboni, na nyumbani mama hamtaji kabisa. Shangazi, dada yake huyo baba, ndiye aliyenielekeza nilipomaliza mtihani wa mwisho wa sekondari. Mama anajua nazunguka kutalii, nipanue mawazo. Yamepanuka. Nilipofika hapa, kwa siku nyingi nilikuwa napita mbele ya kibanda chake, upande wa pili wa barabara, nikijifanya natafuta mtu. Kweli nilikuwa natafuta mtu! Halafu nikajipa moyo, nikaingia. Sentensi nilikuwa nayo tayari kichwani. Akanifunga kitambaa shingoni, akauliza tufanyeje, kijana. Nikasema punguza kidogo.

Mara ya pili nikasema punguza tena. Mara ya tatu hakukuwa na cha kupunguza, akapitisha mashine kichwa kizima, akanipaka spiriti. Nikalia. Alidhani ni spiriti.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Godoro la nyumba hii ya wageni linanuka soksi, na soksi si zangu. Ni za Mzoefu, anayelala kitanda cha juu. Huyu bwana ana begi kubwa kuliko langu, lenye vibandiko vya kila mpaka aliowahi kuvuka, na anavitaja kimoja kimoja hata kama hujauliza. Leo kapata nyongeza ya viza. Dirisha lilelile, dada yuleyule! Anasema alimchekesha tu. Nikamuuliza alimwambia nini. Akasema hata hakumbuki.

Akanipa ushauri bure. Maofisa, kasema, wananusa woga kama mbwa. Mtazame machoni, taja jina lako kwa sauti ya mtu mwenye shamba. Nikajifungia bafuni kufanya mazoezi mbele ya kioo. Nikataja jina langu. Nikalitaja tena, kwa nguvu zaidi. Mama Mwenye Nyumba akagonga mlango kuuliza nagombana na nani humo ndani, na kama ni mgeni wa usiku basi alipiwe.

Mchana nikaenda kupiga picha. Mpiga picha akalalamika kwamba mwanga unaruka kichwani kwangu na kumrudia machoni. Akanipaka poda. Haikutosha, akanipaka tena. Nimetoka mweupe utosini, macho yametumbuka, mdomo umefungwa kama bahasha. Sura ya mtu aliyekwisha kufukuzwa nchini.

Nimepita kwa kinyozi kurudi. Upande wa pili wa barabara.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mkubwa! Mama Mwenye Nyumba awe shangazi yangu. Shangazi wa bandia, wa asubuhi moja tu. Kumwambia ana kwa ana nilishindwa, kwa hiyo nikapitisha kikaratasi chini ya mlango wake. Akatoka mbio, amefurahi. Akasema maisha yake yote hajawahi kuitwa ofisi ya serikali kwa jambo la heri. Akavaa viatu vya harusi, ambavyo vilimbana njia nzima, na kila vilipobana akanilaumu mimi.

Dirishani akaanza vizuri. Dada akauliza kijana ni nani wako. Akajibu mtoto wa kaka yangu, damu yangu kabisa. Hapo ndipo angenyamaza. Lakini akasogea karibu na kioo, akasema ngoja nikueleze, mdogo wangu, mtoto huyu ananitesa. Taulo mbichi kitandani. Maji ya moto anamaliza yeye. Salamu hana, anapita ukutani kama mjusi. Anakula mkate mkavu, hajui hata kuomba chai. Analia chini ya shuka, anadhani wenzake hawasikii.

Sikujua kwamba wanasikia.

Dada akaweka kalamu chini. Wakawa wanatikisa vichwa pamoja, wale wawili, kama wamelelewa nyumba moja. Mwishowe dada akamuuliza kwa hiyo wewe unataka akae au asikae? Mama Mwenye Nyumba akanitazama kwa huruma ya kweli, na akasema kusema ukweli, mdogo wangu, mrudisheni kwa mama yake, mtoto anakonda.

Ombi limekataliwa kwa ushahidi wa ndugu.

Njiani akavua viatu, akatembea peku, akaniuliza kama ameigiza vizuri. Nikasema vizuri sana, shangazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya kitu.

Niliamka nimeamua. Nitaingia, nitasema, basi. Nikaingia. Kinyozi akashangaa, akauliza nimekuja kunyoa nini tena, nywele zote si alishazifagia? Nikasema ndevu. Sina ndevu. Akanichungulia kidevu kwa makini sana, mzee wa watu, akanipaka povu kwa heshima tu.

Kwenye kona ya kioo amebandika picha ya msichana mdogo, sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo. Binti yake. Anaitazama kila anapogeuka kuchukua brashi. Nimeichukia picha hiyo, halafu nikaona aibu kuchukia mtoto mwenye pengo.

Wembe ukiwa kooni akauliza kwa nini uso umejikunja hivyo. Nikamweleza habari za viza. Akauliza nyumbani hawawezi kunisaidia? Nikasema mama yuko mbali. Akauliza, na baba?

Hiyo hapo! Mlango wazi kabisa, ni kuingia tu. Sentensi ikapanda, ikafika kooni, ikakuta wembe.

Nikasema alifariki.

Sijui limetoka wapi. Mkono wake ukasimama hewani. Akazima redio. Akasema pole, mwanangu, pole sana. Nikaruka kidogo kusikia "mwanangu", ingawa nimeshamsikia akimwita hivyo muuza mkate na hata askari wa stendi. Akauliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema kinyozi. (Kwa nini? Kwa nini?) Akashika kifua, akasema lo, mwenzetu! Akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema sikubahatika kumjua. Hilo angalau ni kweli.

Akanifuta povu polepole, kama vile uso wangu unaweza kuvunjika. Kisha akatangaza kwamba Jumatatu atafunga kibanda, aje mwenyewe dirishani, aseme mimi ni mwanawe wa kumzaa. Wamnyonge wakitaka. Mtoto wa kinyozi hafukuzwi yeye akiwa hai.

Nikashukuru. Nikatoka. Nimekaa nyuma ya choo cha stendi mpaka nilipoweza kupumua.

Jumamosi, 8 Machi

Mzoefu kaenda kunyoa. Kwa kinyozi wangu! Sikumwelekeza mimi, kaona tu bango.

Amerudi jioni ananukia poda, ameshiba. Kaalikwa chakula nyumbani kwa kinyozi. Siku ya kwanza! Kaketi na mke wake, kacheza na mtoto, kaitwa "bwana mkubwa." Mimi nimepoteza nywele zote na sijui hata mlango wa hiyo nyumba uko upande gani.

Anapiga mswaki huku anasimulia. Jamaa mcheshi sana, anasema, ila mwisho alinyong'onyea. Akamwambia kuna mtoto alimwacha mahali, zamani, kabla hajazaliwa. Mama wa mtoto alimfukuza, naye akaona aibu kurudi, mwaka ukaitana na mwaka mwingine. Mpaka leo hajui kama ni wa kike au wa kiume. Akikaa kibandani huwa anawaangalia vijana wanaopita upande wa pili wa barabara.

Mzoefu akatema povu, akasema dunia ina mambo, akaniuliza kama nina dawa ya kikohozi.

Nimejigeuzia ukutani. Nimelia bila sauti, kwa kuwa sasa najua wanasikia.

Jumatatu ni lazima. Kabla hatujafika dirishani. Njiani, tukiwa wawili tu. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi

Sikusema.

Nina sababu! Alikuja amevaa shati la kola, ananukia sabuni, na kabla hata ya salamu akasema tufanye mazoezi, hawa watu si wa kuchezea. Mimi ndiye baba, akasema, wewe ndiye mtoto. Haya, nitazame kama baba yako. Nikamtazama. Akasema hapana, hivyo unanitazama kama daktari wa meno. Akaniambia nimwite. Nikasema "baba." Sauti ikakwaruza, ikakatika katikati. Akacheka, akanipiga begani, akasema wewe kuigiza hujajaliwa kabisa, kijana, niachie mimi niseme.

Basi nikamwachia.

Dada wa dirisha la pili aliponiona akashusha pumzi kama mtu aliyeona bili. Kinyozi akavua kofia. Kipara! Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Dada akatutazama, kichwa changu, kichwa chake, bonde lilelile juu ya sikio la kushoto. Akaita mwenzake wa dirisha la tatu aje aone. Mwenzake akasema hawa wametolewa kwenye mfuko mmoja. Kinyozi akanikonyeza. Nikatamani sakafu inimeze.

Dada akauliza mbona majina hayafanani. Mimi nikajua tumekwisha. Kinyozi hata hakupepesa. Akasema mama yake mtoto huyu ana hasira, alimpa jina la baba yake yeye, kwa kunikomoa. Ndivyo ilivyo! Neno kwa neno! Alikuwa anatunga papo hapo, na akatunga maisha yangu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nakwenda kusema, nasema kweli, sentensi ilikuwa kwenye ulimi. Dada akasema usiongee, nagonga muhuri.

Akagonga. Nyongeza ya mwezi mzima.

Nje kinyozi aliegemea ukuta, akacheka mpaka machozi. Akauliza nimeona alivyomchezea yule dada? Na ile ya jina, eh? Ile ya hasira? Nami nikacheka. Nilicheka kuliko yeye. Mlinzi akatuhamisha kivulini tusizibe njia.

Halafu akanishika kichwa kwa kiganja chote, akasema baba yako angekuona leo angefurahi. Akavaa kofia, akaenda kufungua kazi.

Jumanne, 11 Machi

Nimealikwa kibandani. Bila kunyolewa! Nimepewa kigoda karibu na dirisha, na kazi ya kukung'uta kitambaa. Ingekuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwangu, kama nisingekuwa yatima.

Kila mteja akiingia, kinyozi ananitambulisha. Kijana huyu, anasema kwa sauti ya chini ambayo hata wa nje wanaisikia, kaondokewa na baba yake. Alikuwa mwenzetu, kinyozi. Wateja wanavua kofia. Pole, kijana. Pole sana. Muuza mkate kanipa mkate. Askari wa stendi kauliza marehemu aliugua nini. Nikasema ilikuwa ghafla. Kinyozi akasikitika, akasema hii kazi ya kusimama kutwa itatuua wote.

Mchana akaja mwalimu mstaafu, mteja wa miaka mingi, mtu wa dini. Aliposikia habari zangu akasimama na povu lake kidevuni, akatutaka tumwombee marehemu. Tukainamisha vichwa. Akaomba kwa urefu. Asamehewe pale alipokosea, asamehewe aliowaacha, apumzishwe pema. Kinyozi akaitikia amina. Aliitikia kwa nguvu kuliko sisi sote, macho kafumba, mkono wake begani kwangu.

Mimi sikuitikia. Niliona si vizuri, mhusika akiwa mzima.

Sasa niko kitandani. Mvua tena. Mama kaandika ujumbe kuuliza kama nimeshapanda basi. Nimemjibu kwamba basi limeharibika, na fundi anasema itachukua kama mwezi.

Nimewaza sana, na nimeona kosa langu liko wapi. Nilikuwa na haraka. Mtu huwezi kumfufua mzazi kwa siku moja, utamwua kinyozi kwa mshtuko. Inatakiwa hatua kwa hatua, kwa akili. Na safari hii mpango ni mzuri, hauna hata pa kuvuja. Kesho asubuhi nitaingia na uso wa furaha, nitamwambia nimepata habari kutoka nyumbani: madaktari walikosea, na marehemu anaendelea vizuri.